Kijani Kikavu

Mama Bendela hakupenda bendera. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Matiliku siku hizi wanamkumbuka kama mzalendo mkubwa, na mimi sipendi mtu akirembwa baada ya kuhama. Alichopenda ni kitambaa. Alipenda pindo lililonyooka na mkasi mzito unaokata bila kutafuna. Wimbo wa taifa ulipoimbwa katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, soko lote lilisimama, hata mwenye mizani mkononi. Yeye aliendelea kukanyaga cherehani. Chifu alipomuuliza kwa nini hasimami, alimjibu bila kuinua uso, "Na nikisimama, ni nani atashona hiyo mnayosimamia?"

Lakini ole wake mtoto aliyeteremsha bendera jioni akaiacha kona moja iguse vumbi. Alikuwa akitoka verandani mbio, kipimo cha utepe kikiruka shingoni. "Wewe! Hilo ni pindo langu! Unadhani nililishona na macho ya nani?"

Jina lake la nyumbani sitaliandika. Sokoni aliitwa Mama Bendela, kana kwamba bendera ndiyo kifungua mimba wake. Kikamba hakina r, na ingawa aliikopa r katika maneno mengine ya Kiswahili bila shida, kwa neno hili moja alikataa. Nikiwa darasa la tano nilimsahihisha mbele ya wateja.

"Ni bendera, Mwaitu," nilimwambia, nikitumia neno letu la kumwita mama, hata asiyekuzaa. "Si bendela."

Alinitazama juu ya miwani. "Yako ndiyo bendera. Hii ninashona mimi ni bendela. Ukitaka ile ya r, panda basi uende Nairobi."

Wateja walicheka. Nami tangu siku ile nikapata zoea la kusimama pale verandani kubishana naye, zoea ambalo shule ya upili haikuliponya na chuo kikuu kilililisha.

Alishonea shule, kambi za machifu na vituo vya afya, kuanzia kwetu hadi Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Sare za shule alishona pia, lakini sare aliziita kazi ya tumbo. Bendera hakuiita kazi ya moyo. Aliiita kazi ya shingo, kwa sababu ya vile ilivyomkunja.

Kilichomkera zaidi ni ngao. Mistari ile mitatu mtu yeyote mwenye mkasi angeikata. Ngao ilitaka vipande vyeusi na vyeupe ndani ya nyekundu, mikuki miwili ikipishana nyuma yake, na kila kitu kionekane pande zote mbili za kitambaa. Aliishona huku akiisema.

"Mkamba alibeba ngao lini? Sisi ni watu wa upinde. Unampiga mtu akiwa huko mbali, unaenda zako nyumbani. Ngao ni ya mtu anayengoja kupigwa."

"Na mikuki je?" aliuliza seremala wa veranda ya pili, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumchokoza.

"Mkuki ni wa mtu aliyeshindwa kujifunza mshale."

Nilipofika chuo kikuu nilirudi na hoja. Nilimweleza kwamba alama ya taifa haina kabila, na kwamba ngao ile ni wazo tu, wazo la kujilinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, uzi ukiwa mdomoni, kisha akautoa. "Ndiyo nasema, mwiitu." Mwiitu ni msichana, aliniita hivyo hata nilipokuwa na shahada. "Hiyo ngao haina kabila. Lakini ina mjomba, na si Mkamba."

Shuleni tulikariri kwamba nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi na nyeupe ni amani. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilimuuliza mwalimu kwa nini ardhi ni ya kijani wakati udongo wa uwanja tuliosimama ulikuwa mwekundu kiasi cha kutia soksi rangi, na kwa nini damu ni nyekundu wakati ikikauka ni nyeusi. Mwalimu alinitoa nje. Nilipita moja kwa moja hadi verandani kutafuta mtu wa kuniunga mkono.

"Nyeupe nakuambia mimi," Mama Bendela alisema. "Nyeusi inachuja. Nyekundu inachuja zaidi. Zishone pamoja, zipate mvua moja, zitaingiliana ubaki na rangi ya mchuzi wa ndengu. Sasa aliyechora akaweka nyeupe katikati, kila mtu akae kwake."

"Kwa hivyo si amani?"

"Majirani wakiwekewa ua, utaita amani?"

Nilifurahi sana. Nilidhani hatimaye nimepata mtu asiyedanganya. Wiki ile ile nilimsikia akimwambia chifu, kwa uso wa kanisani, kwamba nyeupe ni amani na umoja wa wananchi. Kwa katekista nyeupe ilikuwa roho iliyooshwa. Kwa mlevi mmoja aliyeegemea nguzo ya veranda, ilikuwa maziwa. Nilipomkabili nikitaka kujua ipi ni ya kweli, alishangaa kama vile nimemuuliza mvua ni ya nani.

"Zote. Si wameniuliza wote?"

Jambo hilo lilinisumbua kwa miaka. Mimi nilitaka kitu kiwe na maana moja au kisiwe nayo kabisa. Yeye alimpa kila mtu maana kama vile unavyompa mgeni kiti, kile kitakachomfaa makalio.

Kitambaa alikifuata Kitui mjini, kwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye Kiswahili chake kilimfanya Mama Bendela ajisikie yuko mahakamani. Waliheshimiana kwa kugombana. Nilimsindikiza mara moja, mwaka wa ukame mkali, wakati hata punda walikuwa wamekondeana wakabaki masikio.

"Nataka kijani kibichi," alisema.

"Kijani kibichi hakipo, mama yangu. Kimekwisha, na gari la mzigo halijaja. Kipo hiki." Akafungua robota la kitambaa kilichofifia, kati ya kijani na kahawia, rangi ya nyasi za mwezi wa tisa.

"Hicho si kibichi."

"Sikusema ni kibichi. Ni kijani tu."

Mama Bendela alikishika, akakivuta, akakinusa, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikitazama, akatazama nje, milima ilivyokuwa. "Basi hiki ni kijani kikavu," alisema. "Kata."

Nilicheka. Mwenye duka pia alicheka, akasema hajapata kusikia rangi hiyo tangu azaliwe. Lakini ukifikiri, neno lenyewe linaalika. Tunasema kijani kibichi kila siku bila kusikia tunachosema, kwamba ni jani dogo ambalo halijakauka. Kwetu sisi jani lililokauka ndilo tulilolijua zaidi.

Bendera ile ilipandishwa katika shule moja ya Kanyangi. Mkaguzi wa shule alipopita, alisimama chini ya mlingoti muda mrefu. Halafu akauliza ni nani aliyeishona, na siku chache baadaye gari lake lilisimama Matiliku, mbele ya veranda.

"Mama, ile bendera yako ya Kanyangi ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kijani chake kimekufa."

"Aa, hiyo ni bendela ya mwaka huu," alisema Mama Bendela. "Mvua ikinyesha nitawashonea ingine."

Seremala aliacha kupiga randa. Miaka ile haikuwa ya mzaha na vitu vya serikali. Watu walikuwa wakiulizwa maswali kwa makosa madogo kuliko hayo. Mkaguzi alimtazama yeye, akatazama soko, mabua yaliyokauka hadi mlangoni mwa kila nyumba. Mwishowe akasema, "Isichelewe," akapanda gari.

Mvua ilinyesha mwisho wa mwaka. Mama Bendela alikwenda mwenyewe Kanyangi na bendera mpya ndani ya kiondo, akairudisha nyumbani ile kavu. Hakuichoma, hakuitupa. Aliifumua na kushona blanketi la mtoto.

Hilo nalo ni jambo lake. Hakuna kipande kilichotoka verandani kwenda jalalani. Vipande vya nyeusi, nyekundu na kijani alivishona pamoja ovyo, akawapa akina mama waliojifungua, bila kupenda kushukuriwa. Nusu ya watoto wa soko lile walikojolea mabaki ya taifa. Mimi ni mmoja wao; mama yangu bado ana blanketi langu. Wakati huohuo mwanamke huyohuyo aliweza kumnyima jirani uzi wa kutia kifungo kimoja. "Nikikupa uzi, kesho utataka sindano, kesho kutwa utanifukuza hapa." Sikuwahi kuelewa mkono wake ulifungukia wapi na kufungia wapi.

Sasa nifike kwenye lile alilolitaka.

Niliambiwa siku moja nikiwa nyumbani likizo, wakati habari zilipofika kwamba Makueni itakatwa kutoka Machakos na kuwa wilaya yake yenyewe. Soko zima lilizungumzia ofisi, barabara na kazi. Mama Bendela alinivuta ndani, nyuma ya pazia.

"Mwiitu, nimeshona bendela ya mtu mwingine tangu uhuru," alisema. "Sijui aliyeichora. Hajui mimi. Nataka moja yangu ipande mlingoti. Moja tu. Nikiiona hewani, nitatoa sindano kwenye hii cherehani na sitarudisha."

"Wilaya haina bendera, Mwaitu. Nchi ndiyo ina bendera."

"Haina kwa sababu hakuna aliyeshona."

Nilimweleza sheria nilivyoijua. Nilimweleza pia kwamba bendera ni kitambaa ambacho watu wakubwa huwapa watu wadogo ili wasahau njaa. Nilikuwa nimesoma vitabu fulani. Alinisikiliza kwa subira.

"Umemaliza? Haya. Nichoree upinde."

Tulibishana siku nzima. Juu alitaka buluu, mbingu ya kwetu isiyo na wingu. Katikati nyekundu. Nilisema kwa dharau, damu tena? "Damu gani? Udongo. Si wewe uliuliza ukiwa mdogo?" Nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Chini kabisa kijani kikavu. Nilimwonya kwamba watu watasema anatukana wilaya siku inapozaliwa.

"Kibichi kikikauka, utasema bendela imeharibika. Hiki kishakauka. Jua litakifanya nini tena?"

Nyeupe hakuitaka hata nyuzi mbili. Alisema ataloweka vitambaa kwenye maji ya chumvi mpaka vikome kuchuja, rangi zake zikae pamoja bila ua. Na katikati, badala ya ngao, upinde mweusi. Nilichora. Alipoukata na kuubandika ulionekana kama mdomo unaocheka. Seremala alichungulia akauliza kama ni tangazo la dawa ya meno. Aliufumua akaushona upya, na mara ya pili ulicheka zaidi. Mwishowe akasema, "Wacha ucheke. Kwani ni matanga?"

Kamati ya sherehe ya kuzindua wilaya ilikutana katika mji wa Wote. Alikwenda amevaa nguo ya kanisani, bendera imekunjwa ndani ya leso, nami nikamfuata kwa sababu nilijua kitakachotokea na sikutaka awe peke yake. D.O., afisa wa tarafa aliyeongoza kamati, alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, mwenye tai iliyombana. Aliikunjua mezani. Nitamtendea haki: aliiangalia vizuri, akaguna kwa kupenda.

"Ni kazi safi, mama. Lakini nchi ina bendera moja. Nikipandisha hii, kesho nitaulizwa ni ya serikali gani."

"Sema ni ya hapa."

"Ndiyo swali watakaloniuliza, mama. Hapa ni wapi."

Alisema hivyo bila ubaya. Halafu mjumbe mmoja, mama mwenye roho nzuri, akaona amsaidie. "Si tuitumie kupamba? Meza ya mgeni wa heshima haina kitambaa."

Hawakungoja jibu la Mama Bendela. Waliichukua.

Siku ya sherehe tulikaa nyuma, juani. Bendera ya taifa ilipanda, bendi ikapiga, na yeye, kwa mara ya kwanza nilivyomjua, alisimama. Sikumuuliza kwa nini. Nadhani alitaka kuona meza. Ilikuwa pale jukwaani, imetandikwa, upinde ukiwa umening'inia upande wa mbele, juu chini, ukilia badala ya kucheka. Chupa za soda zilikuwa zimepangwa juu ya kijani kikavu. Hotuba zilipokwisha na wakubwa kuingia ndani kula, alipanda jukwaani mbele ya watu wote. Alizishusha chupa sakafuni moja moja, taratibu, kama mtu anayetoa vyombo mezani kwake. Soda zilikuwa zimeacha duara za maji juu ya kijani. Akakunja kitambaa kama bendera inavyokunjwa, pembe kwa pembe, akaniita nishike upande wa pili, nikashika. Askari mmoja alisogea. Mama Bendela akamwambia, "Meza ni yako. Chukua."

Njiani kurudi aliipakata bendera yake. Nilikuwa na maneno mengi ya hasira juu ya serikali, nikayasema yote, na hayakumsaidia.

Miezi michache baadaye alihamia Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako binti yake alikuwa na hoteli ya chai na chapati. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Cherehani ilipakiwa juu ya lori pamoja na kuku. Nilipata kazi mbali, nikabishana na watu wengine, miaka ikaenda.

Mwaka jana nilikuwa natoka Mombasa kwa basi. Karibu na Kambu kondakta, kijana ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mwenye r za kutosha kugawia kijiji, aligonga bati akapaza sauti, "Bendela! Kuna wa Bendela?"

Nilisimama kabla ya kufikiri. "Nashuka."

"Si ulisema Nairobi, madam?"

"Nashuka hapa."

Ile bendera yake ilikuwa juu ya mti mrefu ulionyolewa matawi, umefungwa kwenye ukuta wa mabati. Chini yake pameandikwa kwa rangi ya mafuta, HOTELI BENDELA. Malori yalikuwa yamejipanga. Madereva walikaa kwenye mabenchi wakila.

Yeye alikuwa kwenye kiti cha kamba, mlangoni. Miwani ilikuwa imeongezeka unene, na macho nyuma yake yalikuwa na ukungu. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti.

"Mwiitu. Bado unauliza uliza?"

"Bado, Mwaitu."

"Keti. Binti yangu, mletee huyu chai, ana kiu ya kubishana."

Aliniambia ilivyokuwa. Hoteli za chai pale ni nyingi na zote zinafanana. Madereva walikuwa wakipotea wakaingia kwa jirani. Asubuhi moja alitoa bendera sandukuni akamwambia binti yake aifunge mtini. Hapakuwa na bendi wala hotuba. Dereva mmoja wa lori kutoka Uganda alifunga breki akauliza hiyo ni nchi gani, isije ikawa amepita mpaka bila kugonga muhuri.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni ya hapa. Akaketi akala."

"Ni kweli aliuliza," alidakia dereva mmoja kutoka kwenye benchi. "Lakini sisi tunajua maana yake. Buluu ni bahari tunakotoa mzigo. Nyekundu ni taa za breki. Na hiyo nyeusi ni chapati, mtu ameuma."

"Ni upinde!" Mama Bendela aligeuka. "Nimewaambia watu hawa mpaka nimechoka. Upinde!"

"Chapati, mama."

"Upinde, mjinga wewe!" Lakini alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko, na nikaona kwamba ugomvi huo ni wa kila siku, na kwamba hangeuacha hata kwa kupewa wilaya nzima.

Cherehani ilikuwa pembeni, thermosi mbili zikiwa juu yake. Niliinama kuitazama. Haikuwa na sindano. Sijui kama alikuwa ameitoa kwa sababu ya ahadi au kwa sababu ya macho. Kwa mara moja katika maisha yangu, sikuuliza.

"Uliiona vizuri, siku ya kwanza?"

"Niliiona yote. Hata huo mdomo." Aliinua uso kuutafuta mlingoti, upande usio sahihi kabisa. "Sasa naisikia tu ikipiga. Hawa wa chapati siwezi kuwauliza, watanidanganya. Niambie wewe. Buluu iko aje?"

"Imefifia. Lakini ni buluu."

"Nyekundu?"

"Imekuwa kama udongo wa Kanyangi."

"Vizuri. Na kijani changu? Jua limekishindwa, si ndiyo?"

Nilitazama. Upepo wa malori uliinua kitambaa, ukaunyoosha mstari wa chini wote, nikauona kutoka pindo hadi pindo. Dereva wa benchi naye alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kunionya.

"Kimekuwa cheupe, Mwaitu."

"Cheupe?"

"Kabisa."

Basi lilipita, lori likapita. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nikasikia sauti.

"Aiee," alisema Mama Bendela, akijifuta macho chini ya miwani. "Basi hawa sasa wataanza kusema ni amani."